Kilima cha Samadi cha Mzee Loserian

Siku ya kuniaga ofisini, wadogo zangu, mlinipa kitenge, jagi na vikombe sita, kisha mmoja wenu akasimama akaniomba niandike uzoefu wangu ili usipotee. Nilikubali kwa sababu nilikuwa na kipande cha keki mdomoni na sikuweza kujitetea. Sasa nimekaa barazani kwangu Engutoto, sina ripoti ya robo mwaka ya kuandika wala wa kumpelekea, kwa hiyo nimeanza. Habari za kupandishwa daraja hamtazikuta humu. Zilikuwa chache, na hakuna hata moja iliyootesha mahindi.

Mimi ni Mmeru wa mlimani, upande wa migomba na kahawa. Kwetu ng'ombe anafungwa ndani, analetewa majani, na samadi yake inalindwa kama maziwa. Nimeshuhudia shangazi zangu wawili wakinuniana Pasaka nzima kwa sababu ya ndoo moja ya samadi iliyomwagwa kwenye mgomba usiohusika. Miaka yangu ya kwanza ya ugani niliifanyia huko huko, nikiwafundisha watu mambo waliyoyajua kabla sijazaliwa, nao kwa adabu wakikubali kufundishwa. Halafu nikapata barua ya uhamisho. Nilitakiwa Oldonyo Sambu, upande wa pili wa mlima, ambako mvua ikifika huwa imeshachoka.

Niliripoti nikiwa nimevaa viatu vya visigino, maana barua ilisema ofisi na mimi nikaiamini. Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye meza, na kati ya barabara na chumba hicho kulikuwa na vumbi la kufika kwenye vifundo vya miguu. Aliyenipokea ni Bwana Kaaya, afisa ugani mzee mwembamba aliyekuwa amebakiza miaka miwili astaafu.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Hivyo viatu ni vyako?"

"Ni vyangu."

"Pole," akasema, akaingia ndani.

Alitoka na vitu vitatu akanikabidhi: kamba yenye mafundo ya kupimia nafasi za mashimo, kikombe cha bati, na fimbo ya mzeituni pori yenye urefu wa mkono, imenolewa ncha moja. Nikauliza pikipiki iko wapi. Akasema ipo, ila mara nyingi yeye ndiye huibeba. Fimbo nilidhani ni ya mbwa. Kumbe ndiyo maabara yetu. Unaichoma katikati ya lundo la mboji, unaiacha kidogo, unaichomoa na kuishika. Ikiwa na joto, mboji inaiva. Ikiwa baridi na kavu, imelala njaa, imwagie maji. Ikitoka na unga mweupe, umechelewa kumwagia. Baadaye tuliletewa vipimajoto vya kisasa vyenye mkia wa chuma. Vilikufa vyote. Fimbo ninayo.

Wiki ile ya kwanza tulizunguka kwenye maboma, na nilichokiona nusura kinitoe machozi. Nyuma ya kila zizi kulikuwa na samadi, malundo kwa malundo, imezolewa zizini na kutupwa tu. Mita chache mbele yake kulikuwa na shamba lenye udongo mweupe kama unga, na mahindi yenye kimo cha mtoto aliyesusa kula. Niliwaza shangazi zangu wangefanya nini na utajiri ule. Nikamwambia Bwana Kaaya, "Hapa kazi ni ya mwezi mmoja. Mbolea hii hapa, shamba lile pale."

Bwana Kaaya alitazama mlima, akakohoa. Huo ndio ulikuwa ufundishaji wake. Alikuwa na aina kadhaa za kikohozi, na ilinichukua mwaka kuzitofautisha.

Kikundi changu cha kwanza kilikuwa cha akina mama kumi na wawili, na shamba darasa likawa la mama mmoja aitwaye Nembris, ambaye wote tulimwita Mama Naserian kwa jina la binti yake mkubwa. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, mwenye kucheka kwa mabega. Shamba lake lilikuwa dogo, chini kidogo ya boma. Mume wake, Mzee Loserian, alikuwa na mashamba makubwa upande wa pili pamoja na ng'ombe wa kutosha, na kile kipande alikuwa amempa mke wake alime apendavyo.

Nikawafundisha kuchimba mashimo ya kupandia kwa kamba yenye mafundo, ili maji kidogo yanayopatikana yatulie kwenye shina. Mpaka hapo nilikuwa sawa. Kisha, kwa kuwa nilikuwa na haraka ya kuonekana, nikawaagiza wazoe samadi ya asubuhi ile ile kutoka zizini, ingali ikitoa mvuke, waitie kwenye mashimo na mbegu juu yake. Bwana Kaaya siku hiyo alikuwa mjini kwenye kikao, kwa hiyo hakuwapo wa kukohoa.

Mahindi yaliota. Yalipofika kimo cha kiganja yakageuka manjano, kisha kahawia, kisha yakalala. Palipobaki pakaota magugu mazuri sana, ya kila aina waliyokula wale ng'ombe. Bwana Kaaya alipokuja aliinama, akafukua shimo moja kwa kidole, akanusa, akainuka.

"Samadi mbichi bado inajipika," akasema. "Umeizika na mbegu, imepika na mbegu. Na huku hakuna maji ya kuizima."

"Sasa niwaambie nini?"

"Waambie ukweli. Wameshauona."

Niliwaambia. Akina mama walisikiliza, kisha mmoja wao akaniuliza kwa upole kama huko mlimani kwetu pia watu hupikia mahindi shambani. Kwa mwaka mzima nikaitwa Mama Jiko. Mpaka watoto wa shule walijua.

Kicheko kile ningekivumilia, lakini wiki moja baadaye Mama Naserian alinifuata ofisini peke yake. Alisema mume wake ameshasema. Kile kipande kimempa hasara ya pili mfululizo, maana mwaka uliotangulia jua lilikuwa limekausha. Msimu ujao asipovuna, kitazungushiwa miba kiwe mahali pa ndama.

"Na mimi shamba lile ndilo langu," akasema. "Mahindi ya kule kwingine ni ya boma. Ya hapa nikitaka kumpelekea mama yangu debe moja, simwombi mtu."

Nikajiona mdogo kuliko yale mahindi. Siku hiyo hiyo tukaanza upya, na safari hii nilisubiri kikohozi kabla ya kila hatua.

Tulichimba shimo la mboji, kwa sababu kwenye nchi kavu lundo la juu ya ardhi linanyauka kama jani la tumbaku. Tabaka la mabua, tabaka la majani mabichi ya vichaka, samadi, majivu kidogo, udongo wa juu, kisha unarudia. Tukafika kwenye maji. Nikasema kila tabaka limwagiwe maji. Akina mama wakatazamana. Maji yao yalikuja kwa punda, nusu siku kwenda na kurudi.

"Mama Jiko," mmoja akasema, "ng'ombe wana kiu, watoto wana kiu, na sisi tuinyweshe mbolea?"

Bwana Kaaya akauliza wanaoga wapi. Wakaonyesha uzio wa miti na magunia nyuma ya nyumba. Akauliza maji ya kuogea huenda wapi. Yalikwenda kwenye vumbi. Basi tukafukia shimo lile la kwanza na kuchimba lingine chini ya uzio, na mfereji mdogo ukaleta maji ya kuoga na ya kuoshea vyombo moja kwa moja kwenye mboji, tukafunika kwa magunia. Ndiyo sababu nawaambia, wadogo zangu, kabla hujafungua kitabu, uliza watu wanaoga wapi.

Shimo liliiva vizuri, fimbo ilitoka ya moto. Lakini lilikuwa shimo moja tu, na mboji yake ingetosha pembe moja ya shamba. Ili shamba zima lipate, tulihitaji samadi iliyokwisha kuoza yenyewe, nyeusi, isiyo na harufu. Na samadi ya namna hiyo ilikuwa kwa wingi mahali pamoja tu, nyuma ya zizi la Mzee Loserian. Lile halikuwa lundo, lilikuwa kilima. Baba yake alianza kutupa pale, yeye akaendeleza, na sasa kilikuwa kimepita paa la nyumba, na juu yake kulikuwa na bapa lililokanyagwa likawa gumu kama sakafu. Malori ya wakulima wa kahawa yalikuwa yakija kukiulizia. Yote yaliondoka matupu.

Nilikwenda kumwomba. Mzee Loserian alikuwa mtu wa kanisa, mnene wa sauti, mwenye saa kubwa ya mkononi ambayo haikutembea.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama wa kilimo. Umekuja kupika tena?"

Nikaeleza shida yangu. Alinisikiliza vizuri, akaniagizia chai ya maziwa, kisha akasema hapana. Nikauliza kwa nini. Akasema kile ni kilima cha baba yake. Nikarudi wiki ya pili. Akasema kilima hakiguswi. Wiki ya tatu akasema mambo mengine serikali haiwezi kuelewa.

Nikafanya walivyotufundisha chuoni. Nikaandika ripoti ya kurasa nne kuhusu vikwazo vya kimila katika matumizi ya samadi. Ripoti ilipendwa mno huko juu. Nikaambiwa niitishe kikao cha maridhiano na wazee, nikakiitisha. Wakaja wazee wanne, mimi na sukari yangu, na Bwana Kaaya kama mshauri. Nikatoa hotuba ndefu juu ya kuheshimu mila za wafugaji na urithi wa baba zetu. Wazee walinisikiliza kwa mshangao, kama watu wanaosimuliwa habari za nchi ya mbali.

Katikati ya hotuba, ndani ya shuka la Mzee Loserian kitu kikalia mara moja, kikanyamaza. Mzee alirukia fimbo yake, akatoka mbio kwa umri wake, akazunguka zizi, akapanda kilima cha samadi kwa mikono na miguu. Tukamwona amesimama juu kabisa, simu sikioni, anapiga kelele.

"HALO! HALO! UMEKULA?"

Nikawageukia wazee. Mmoja wao akanieleza kwa huruma, "Netiweki inashika pale juu tu. Kwingine kote inagusa na kukimbia."

Bwana Kaaya alikohoa. Kikohozi hicho nilikuwa sijawahi kukisikia. Alikuwa anacheka.

Ripoti ya kurasa nne ingali kwenye faili. Msiitumie kama rejea.

Mama Naserian alinimalizia habari jikoni. Mzee aliwaambia watu anapanda kule kusikiliza hali ya mnada wa ng'ombe wa Kisongo. Ukweli ni kwamba binti yao Naserian alikuwa chuo cha uuguzi mkoa wa mbali, na baba yake alikuwa hajawahi kukaa bila kumwona zaidi ya wiki. Akishuka kilimani macho yake huwa mekundu, naye husingizia vumbi.

"Na wewe huongea naye?" nikauliza.

"Huniletea salamu," akasema. "Kilimani anapanda yeye."

Baada ya kujua shida ni nini, mapatano yalichukua dakika tano. Tungechimba upande wa nyuma, chini, kwenye samadi ya zamani. Bapa la juu lisiguswe. Mzee aliweka hata mstari wa mawe. Tukachimba wiki mbili, tukibeba kwa viroba na kwa punda, na ilikuwa samadi ya ajabu, nyeusi, inamomonyoka mkononi kama keki mliyonilisha. Tukaitia vikombe viwili kila shimo, tukaichanganya na udongo, tukaiacha ingoje mvua. Mstari wa mawe hatukuuvuka. Lakini mimi ni mtu wa kilimo na si mhandisi, na hakuna aliyefikiria kwamba ukila mlima kwa chini, juu nako kunapata habari.

Ilikuwa Jumapili baada ya ibada. Mimi na Mama Naserian tulikuwa jikoni tunakunywa chai. Mzee alikuwa juu na kanzu yake ya ibada na shuka jipya, anauliza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani kama huko Naserian aliko kuna baridi. Kisha tukasikia kishindo kizito, laini, kama gunia kubwa limewekwa chini na mtu mchovu.

Tulikimbia. Nusu ya kilima ilikuwa imeshuka. Mzee Loserian alikuwa amezama mpaka kifuani, kofia imeingia machoni, mkono mmoja umenyooka juu na simu ndani yake, ingali hai. Sauti ya msichana ilikuwa inalia humo: "Baba! Baba! Umekuwaje?"

"Baba, umeumia?" nikauliza.

"Chukua simu!" akanguruma. "Itakatika! Mwambieni mtoto sijafa!"

Nilikuwa sijapata pa kushika, Mama Naserian akanipita. Aliinyakua simu mkononi mwa mume wake, akapandisha kanga, akakwea ile nusu iliyobaki. Akasimama pale juu ambapo hakuwahi kusimama, akaiweka sikioni kwa mikono miwili.

"Naserian," akasema. "Ni mimi, mama."

Kisha hakuna aliyeweza kumshusha. Mimi na majirani waliofika tulikuwa tunafukua kwa koleo. Mzee alikuwa mzima, kifundo kimoja tu kilivimba. Juu yetu mazungumzo yaliendelea kwa Kimaasai, mara kicheko, mara kilio, mara jina langu. Kila Mzee alipofungua mdomo kuuliza amesema nini, mke wake alimwonyesha kiganja, asubiri. Alisubiri. Alikuwa ndani ya samadi, hakuwa na safari.

Hasira zilikuja kesho yake. Mzee aliita kila mtu, akatangaza kuchimba kumekwisha, na samadi iliyoko shambani irudishwe ilikotoka. Niliwaza vikombe viwili kwa kila shimo, mashimo yote yale, nikaona kustaafu kwangu kunakuja mapema. Mama Naserian hakurudisha hata kiroba kimoja, wala hakukataa. Alingoja Jumapili.

Jumapili Mzee alipanda ile nusu ya kilima huku anachechemea. Tulimsikia akisalimia. Kisha tukamsikia akinyamaza, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutokea pale juu. Alisikiliza kwa muda mrefu. Aliposhuka alikwenda moja kwa moja jikoni, akampa mke wake simu.

"Anasema aongee na mama yake kwanza," akasema. "Anasema kila Jumapili iwe mama kwanza. Na shamba lisiguswe, la sivyo hapokei." Akakaa kwenye kigoda. "Nani amemfundisha kusema hivyo?"

Jibu lilikuwa limeshavaa viatu, linaelekea kilimani.

Mvua ya mwaka ule ilikuja vizuri wiki tatu, ikawahadaa watu, ikaondoka. Mashamba ya Mzee kule upande wa pili, yaliyolimwa kwa trekta na mbegu za dukani, yalijikunja majani, yakaanza kupauka. Kila asubuhi nilipita shambani kwa Mama Naserian kabla ya kwenda ofisini. Nilifukua shimo kwa kidole. Samadi ilikuwa imeshika unyevu kama kitambaa. Mahindi yalijikunja mchana, jioni yakafunguka. Yalifanya hivyo wiki nzima, kisha wiki nyingine, mpaka manyunyu yakarudi mara mbili tu, yakatosha. Hayakuwa mahindi ya picha. Yalikuwa mahindi ya watu, yenye magunzi yaliyojaa mpaka karibu na ncha, na maharage katikati yake.

Mzee alikuja kuyaona asubuhi moja nikiwa pale. Alitembea mstari mmoja hadi mwisho, akarudi kwa mwingine. Akavua kofia. Akachimba shimo moja kwa kidole chake, akanusa. Nilingoja aseme kitu.

"Huu mstari umepinda," akasema, akaondoka.

Siku iliyofuata nilimkuta nyuma ya zizi, peke yake, shati limelowa jasho, anachimba ile nusu iliyobaki kwa koleo na kupakia mkokoteni wa punda kwenda mashambani kwake. Aliponiona alisimama kuhema. Nilivua sweta nikachukua koleo la pili. Bwana Kaaya alipita na ile pikipiki, akiwa ameipanda, akatutazama, akakohoa mara moja, kile cha kukubali, akaendelea na safari. Alistaafu mwaka ule. Alinikabidhi funguo za ofisi bila hotuba, na maelezo ya kufuli lisilofunguka mpaka ulipige teke.

Miaka ikaenda. Naserian alihitimu, mnara wa simu ukajengwa, na yale mashimo ya mboji chini ya mabafu yakaenea boma kwa boma hadi sikuweza tena kuyatembelea yote kwa wiki. Wiki yangu ya mwisho kazini nilimpeleka Oldonyo Sambu afisa ugani mpya anayechukua nafasi yangu, pamoja na wageni wanane waliotoka wilaya nyingine kujifunza. Baadhi yenu mlikuwapo. Mzee Loserian alitupokea shambani akiwa amekaa kwenye kiti, mkongojo mkononi, mke wake kando yake, mahindi nyuma yao yamewapita wote urefu.

Aliwaeleza wageni habari zote za samadi, tangu mbichi hadi iliyoiva, na kwa nini shimo na si lundo. Alieleza vizuri kuliko mimi. Kisha akafika kwenye historia.

"Haikuwa rahisi," akawaambia. "Zamani ofisi ilituletea mama mmoja, hajui kitu. Anapanda mahindi kwenye samadi mbichi! Nilimfundisha pole pole. Mwaka wa kwanza hasikii. Mwaka wa pili nikampa samadi yangu mwenyewe, ya baba yangu, ili tu aone kwa macho. Ndipo akaamini."

Wageni waliandika. Mama Naserian alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika.

"Kama mnadhani natia chumvi," Mzee akasema, akinielekezea mkongojo, "huyo hapo. Mwulizeni."

Watu wanane wakanigeukia na kalamu zao, na afisa ugani wangu mpya wa tisa.

"Ni kweli," nikasema. "Alihangaika sana na mimi."